Je, Bavuma aliingia kwa viti maalum?

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Juni 2025 nilimwona Temba Bavuma, kepteni wa kriketi wa Afrika Kusini, akinyanyua lile rungu la ubingwa wa dunia pale uwanja wa Lord's, London, nikafurahi kana kwamba ni ndugu yangu. Mwenzangu kazini akaniharibia raha. Akasema: 'Huyo kaingia kwa viti maalum tu, kule timu hupangwa kwa rangi.' Mwingine akadakia kwamba ubaguzi ulikwisha tangu 1994, na asiyefika timu ya taifa basi hana kiwango. Mimi nimebaki katikati. Kama ubaguzi ulikwisha, mbona weusi ndio wengi nchini lakini kwenye kriketi unawahesabu kwa vidole? Na hizo kanuni za idadi ya wachezaji kwa rangi ni haki?"

Marahaba. Nianze na huyo wa viti maalum, maana kauli yake ndiyo iliyoniuma zaidi.

Siku zile za Juni Afrika Kusini ilihitaji mikimbio (ndizo alama za kriketi) 282 kuifunga Australia. Bavuma alipoingia kupiga, hakukaa sana kabla ya msuli wa nyuma ya paja kumkamata. Wakati wa mapumziko ya chai benchi la ufundi lilijadili kumtoa. Akakataa, akarudi uwanjani akichechemea, na yeye na mpigaji mwenzake Aiden Markram wakaongeza pamoja mikimbio 147. Markram alimaliza na 136, Bavuma 66. Kabla ya hapo mrushaji Kagiso Rabada alikuwa ameshachukua wiketi 9 katika mechi hiyo moja (kumtoa mpigaji ni wiketi moja). Nchi ilikuwa haijapata kombe kubwa la kriketi tangu 1998. Bavuma alikuwa amefikisha mechi 10 za Testi, zile za siku tano, akiwa kepteni: ameshinda 9 na sare 1. Mtu wa viti maalum hakimbii na paja lililochanika.

Hata hivyo mwenzako hakuzua. Kanuni za idadi zipo kweli. Mwaka 2016 bodi ya kriketi ya Afrika Kusini ilitangaza lengo kwamba timu ya taifa iwe na wastani wa wachezaji sita wasio Wazungu, na katika hao wawili angalau wawe Waafrika weusi. Zingatia neno wastani. Hesabu hufanywa kwa msimu mzima, kwa hiyo mechi moja inaweza kuwa na wanne na nyingine saba. Sasa chukua orodha ya kumi na mmoja walioanza fainali ile ya Lord's umpelekee mwenzako. Waafrika weusi ni watatu: Bavuma, Rabada na Lungi Ngidi. Ongeza Keshav Maharaj, mwenye asili ya Kihindi, wanakuwa wanne. Wanne, si sita. Katika mechi kubwa kuliko zote walizocheza kwa robo karne timu ilikuwa chini ya lengo lake yenyewe, na hakuna aliyepuliza kipenga. Mwaka mmoja kabla yake, kikosi cha watu 15 kilichokwenda Kombe la Dunia la ova 20, zile mechi fupi kabisa, kilikuwa na Mwafrika mweusi mmoja tu, Rabada. Wanasiasa walilalamika, timu ikafika fainali, maisha yakaendelea. Kwa hiyo picha ya kocha anayepanga timu huku serikali imemshikia kiboko haifanani na ninachokiona.

Kwa mwenzako wa pili, aliyetaja 1994, itabidi nirudi nyuma sana, kwa sababu hoja yake imejificha ndani ya dhana moja: kwamba kriketi ni mchezo wa Wazungu na weusi wamekaribishwa juzi.

Si kweli. Jimbo la Eastern Cape, kule kwa Waxhosa, lilikuwa na shule za misheni kama Lovedale na Healdtown, na kriketi ilichezwa humo tangu karne ya kumi na tisa. Kufikia miaka ya 1880 Waafrika walikuwa na vilabu vyao na mashindano yao, na zilikuwapo siku walizowafunga Wazungu wa mji huohuo. Mwaka 1894 timu ya kwanza ya Afrika Kusini ilipokuwa ikijiandaa kwenda Uingereza, mmoja wa warushaji wenye kasi kuliko wote nchini alikuwa Krom Hendricks, chotara wa Cape. Aliachwa kwa rangi yake, na mkono wa Cecil Rhodes, waziri mkuu wa koloni wakati huo, ulikuwamo. Tazama mwaka huo vizuri. Makaburu hawakuingia madarakani na siasa yao ya utengano hadi 1948. Kriketi ilikuwa imewatangulia kwa zaidi ya nusu karne.

Halafu zikaja sheria, na hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wako, kwa kuwa watu hukumbuka Mandela na gereza wakasahau ardhi na shule. Sheria ya Ardhi ya 1913 iliwabana Waafrika kwenye sehemu ndogo ya nchi. Sheria ya maeneo ya makundi ya 1950 ilihamisha familia kutoka mitaa yao, na viwanja vikabaki kwa waliobaki. Sheria ya elimu ya Wabantu ya 1953 ikazichukua shule za misheni na kuzigeuza mahali pa kumwandalia mtoto mweusi kazi za mikono. Lovedale na Healdtown, zilizokuwa kitalu cha wapigaji na warushaji, zikawa chini ya serikali isiyotaka mtoto huyo ajue zaidi ya kushika jembe. Hakuna sheria iliyosema weusi wasicheze kriketi. Hakukuwa na haja. Ukichukua uwanja na shule umeshauchukua mchezo.

Waliendelea kucheza hivyohivyo, kwenye viwanja vya changarawe, kila kundi na bodi yake: Waafrika, Wahindi, Wamalai, machotara. Baadaye bodi hizo zikaungana chini ya mwamvuli mmoja, na hapo Afrika Mashariki inaingia kwenye hadithi. Mwaka 1956 timu ya Waasia wa Kenya ilikwenda Afrika Kusini kucheza na timu ya wasio Wazungu. Mwaka 1958 wenyeji wao wakarudisha ziara wakaja huku kwetu, kepteni wao akiwa kijana chotara wa Cape Town aliyeitwa Basil D'Oliveira. Huwa nawaambia vijana ninaowafundisha: mtu ambaye baadaye jina lake liliivuruga serikali nzima alionja kriketi ya kimataifa kwa mara ya kwanza dhidi ya wachezaji wa Kenya. Wazungu wa nchi yake walikuwa hawajawahi kumpa hata dakika moja.

Habari iliyobaki ni maarufu, nitaipitia haraka. Mwaka 1960 watu wa mtaani kwake walichanga nauli akaenda Uingereza, akisaidiwa na mtangazaji John Arlott. Mwaka 1966 akaichezea timu ya taifa ya Uingereza. Agosti 1968 akapiga mikimbio 158 dhidi ya Australia pale The Oval, na bado wakamwacha kwenye kikosi cha kwenda Afrika Kusini. Mchezaji mmoja alipoumia ikabidi wamwingize, na waziri mkuu wa Afrika Kusini, Vorster, akasema timu hiyo haiji. Ziara ikafutwa. Kuanzia 1970 Afrika Kusini ikafungiwa nje kwa miaka 21, ukiacha zile ziara za wachezaji waliokuja kwa mlango wa nyuma wakifuata fedha. Hassan Howa, aliyeongoza bodi iliyopinga ubaguzi, alikuwa na msemo wake: hakuna michezo ya kawaida ndani ya jamii isiyo ya kawaida. Watu wake walikataa kucheza na Wazungu hata walipoalikwa, wakijua kwamba kukataa huko kunawamalizia wao wenyewe miaka ya kucheza.

Sasa tufike 1991. Bodi mbili, ya Wazungu na ile ya akina Howa, zikaungana mwezi Juni. Nchi ikarudishwa kwenye kriketi ya dunia mwezi uliofuata. Tarehe 10 Novemba timu ikaingia uwanja wa Eden Gardens, Kolkata, mbele ya umati mkubwa wa Wahindi waliokuja kuwashangilia. Wote kumi na mmoja walikuwa Wazungu.

Usiwalaumu haraka waliopanga kikosi. Walipaswa kumtoa wapi mwingine ndani ya miezi mitano? Ndoa ile ilifungwa baina ya tajiri na maskini. Upande mmoja ulileta viwanja vya nyasi, fedha, makocha na shule. Upande wa pili ulileta haki na historia. Bwana na bibi walipoingia nyumba moja, nyumba ilikuwa ya nani? Wengi wa upande wa Howa wameendelea kusema kwamba walipoteza vilabu vyao bila kupata vya wenzao. Mchezaji wa kwanza asiye Mzungu kuingia kwenye Testi baada ya kurudi, Omar Henry, alikuwa na umri wa miaka 40 alipoitwa mwishoni mwa 1992. Miaka 40! Miaka yake mizuri ilikuwa imeshaliwa. Na Mwafrika mweusi wa kwanza, Makhaya Ntini, alisubiriwa hadi Machi 1998. Mwishoni mwa mwaka huohuo, dhidi ya West Indies, timu ikarudi tena kuwa Wazungu watupu, na hapo ndipo wanasiasa walipokosa subira na lugha ya idadi ikaanza kushika kasi.

Ntini ni mfano wa nusu ya jibu lako. Alizaliwa Mdingi, kijiji kilicho karibu na King William's Town, akichunga ng'ombe. Ofisa wa maendeleo ya kriketi aitwaye Raymond Booi alimwona akirusha mpira, akamtafutia nafasi Dale College, shule yenye kriketi ya kweli. Kutoka hapo akafika mechi 101 za Testi na wiketi 390. Sasa fuata majina mengine ya weusi uliowaona ukishangilia. Ngidi: mama yake mfanyakazi wa ndani, mwenyewe akasoma kwa ufadhili Highbury kisha Hilton College, moja ya shule ghali kabisa nchini. Rabada: baba daktari, mama mwanasheria, yeye St Stithians, Johannesburg. Bavuma: kazaliwa Langa, kitongoji cha weusi cha Cape Town, akapata ufadhili shule ya SACS pale Newlands, chini ya mlima, kisha St David's ya Johannesburg.

Bavuma ameeleza jinsi walivyocheza mtaani Langa wakiwa watoto. Barabara yao ilikuwa na pande kadhaa. Upande ambao lami haikuwekwa vizuri, mpira ukidunda unavyotaka, waliuita Karachi. Upande mwingine waliuita MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne. Na palikuwa na kipande kilichotengenezwa vizuri, safi, cha kupendeza macho. Hicho wakakiita Lord's. Mtaa huohuo wa Langa ulimtoa pia Thami Tsolekile, aliyefika Testi kabla yake. Kwa hiyo vipaji, mapenzi na hata ramani ya dunia ya kriketi vilikuwa kwenye lami ya Langa. Kilichokosekana kilikuwa upande wa pili wa mji.

Ndiyo maana nasema mlango wa kriketi ya Afrika Kusini uko kwenye shule, na siyo kwenye timu ya taifa. Mtoto wa miaka kumi anahitaji pichi (ule ukanda wa katikati ya uwanja mpira unapodundia) iliyosawazishwa kwa rola na kumwagiliwa, neti za mazoezi, mpira wa ngozi, padi, glavu, kofia ngumu, gongo (la kupigia, si lile la kunywa), mwalimu anayejua, na mzazi mwenye gari la kumpeleka mechi za Jumamosi. Shule chache zinavyo vyote hivyo. Zilikuwa za Wazungu kwa sheria. Leo ziko wazi kwa yeyote mwenye ada. Wazungu ni asilimia 7 hivi ya watu wa nchi ile na Waafrika weusi ni asilimia 81 hivi, lakini uwiano wa wenye ada ni tofauti kabisa na huo. Ubaguzi ulibadilisha nguo ukavaa risiti ya karo.

Angalia pia ni nani anayetoka na kwa kazi gani. Kwa miaka mingi karibu kila Mwafrika mweusi aliyefika timu ya taifa alikuwa mrushaji wa mpira wa kasi. Sababu si maumbile, kama wapuuzi fulani wanavyopenda kusema. Kijana mwenye mbio na bega zuri anaweza kuokotwa akiwa na miaka kumi na tano na akafundishwa mengine baadaye. Kupiga ni jambo jingine. Mpigaji hutengenezwa kwa maelfu ya mipira inayodunda sawasawa, tangu utotoni, ili jicho lizoee. Ukikulia kwenye upande wa Karachi jicho linajifunza kujikinga tu. Mwafrika mweusi wa kwanza kufikisha mikimbio 100 katika Testi kwa Afrika Kusini alikuwa Bavuma huyuhuyu, Januari 2016 pale Newlands, 102 bila kutolewa dhidi ya Uingereza. Hesabu kutoka 1992, nchi ilipocheza Testi yake ya kwanza baada ya kurudi: miaka 24 kasoro miezi michache. Na uwanja ule wa Newlands uko mtaa mmoja na shule iliyompa ufadhili. Anayedai kwamba Mwafrika hana mkono wa kupiga, mkumbushe Steve Tikolo wa Kenya, ambaye alikuwa mpigaji hasa na hata aliwahi kuchezea timu ya jimbo la Border kulekule Afrika Kusini. Mwaka 2003 yeye ndiye aliyeiongoza Kenya hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia iliyochezwa Durban, Afrika Kusini wenyewe wakiwa wametolewa hatua ya makundi.

(Na sisi tusijione wasafi. Pita Nairobi usome majina ya vilabu vya zamani: Patel Brotherhood, Goan Gymkhana, Sir Ali Muslim. Kriketi yetu nayo ilipangwa kwa jamii na rangi. Tofauti ni kwamba haikuandikwa kwenye sheria kwa ukali ule.)

Ufadhili una utamu na uchungu wake. Unamwokoa mtoto mmoja na kumwacha Langa kama ilivyokuwa. Shule ya kitajiri inapata mchezaji, bodi inapata mtu mweusi wa kuhesabu, na takwimu zinapanda. Uwanja wa kitongojini unabaki na mbuzi. Ningekuwa mimi ndiye ninayesoma ripoti za bodi ile, nisingeuliza wachezaji weusi wako wangapi. Ningeuliza wangapi wamefika bila kupitia shule ya ada kubwa, na jibu lingenitia huzuni.

Sasa nusu nyingine ya jibu, ile inayosahauliwa na wapenda takwimu: kuingia si kupokelewa. Mwaka 2020 Ntini, mzee mstaafu mwenye wiketi zake 390, alisimulia kwenye televisheni kwamba alikuwa akimkabidhi dereva wa basi la timu begi lake, kisha yeye akikimbia kwa miguu hadi uwanjani, na jioni vilevile kurudi. Watu walikuwa wakimsifu kwa mazoezi. Kumbe alikuwa akikimbia upweke. Akiketi nyuma ya basi, wenzake walikuwa wanakaa mbele. Akikaa chumbani, hakuna aliyegonga mlango kumwita wakale. Mtu amecheza mechi mia na moja namna hiyo. Mimi kila ninapoisikia habari ile nashindwa kuendelea na chai.

Mwaka 2015 nchini India, Khaya Zondo, mpigaji mweusi, alikuwa kwenye kikosi cha mechi za ova 50, zile za siku moja. Mwenzake alipoumia, nafasi ikampita: aliitwa mchezaji Mzungu wa Testi ambaye hakuwa kwenye kikosi hicho, akaanza yeye mechi ya mwisho, ya kuamua mshindi, huku Zondo akiwa palepale benchi. Wachezaji weusi waliiandikia bodi barua kulalamika kwamba wanachukuliwa ili wabebe maji tu. Kepteni wa wakati ule alikana kuwa rangi ilihusika. Malalamiko hayo na mengine mengi yaliletwa mezani 2021, bodi ilipounda baraza la kusikiliza ushahidi chini ya wakili Dumisa Ntsebeza. Paul Adams, mrushaji wa kuzungusha mpira aliyeingia timu ya taifa 1995, alieleza jinsi wenzake walivyomwimbia wimbo wenye tusi la rangi baada ya ushindi. Mark Boucher, aliyekuwa kocha mkuu wakati wa ushahidi huo, aliomba radhi kwa sehemu yake. Baadaye mashtaka ya kinidhamu dhidi yake yakaondolewa, na Graeme Smith, kepteni wa zamani aliyeshutumiwa pia, akasafishwa na wasuluhishi. Wapo wanaosema hiyo inaonyesha hakukuwa na kitu. Siafiki. Kukosa ushahidi wa kumfukuza mtu kazi ni jambo moja, na watu kadhaa wazima kukaa mbele ya kamera wakilia juu ya mambo ya miaka ishirini iliyopita ni jambo jingine.

Kuhusu haki ya kanuni za idadi, nitakujibu kwa watu, kwa sababu nadharia yake haina mwisho.

Januari 2002 wateuzi walimpanga Jacques Rudolph, Mzungu, acheze Testi Sydney. Rais wa bodi, Percy Sonn, akatengua, akaingiza Justin Ontong. Kijana Ontong akaanza maisha yake ya Testi huku kila gazeti likimwita chaguo la rangi. Mwaka 2008 Charl Langeveldt, naye asiye Mzungu, aliteuliwa kwenda India badala ya Andre Nel. Kelele zikawa nyingi, naye akajitoa kwenye ziara. Machi 2015, nusu fainali ya Kombe la Dunia pale Auckland, Vernon Philander, asiye Mzungu na aliyekuwa ametoka majeruhi, akaanza badala ya Kyle Abbott, Mzungu aliyekuwa moto. Afrika Kusini ikafungwa, na hadi leo mechi hiyo hutajwa kila mjadala huu unapofunguliwa. Kisichotajwa ni kwamba katika kumi na mmoja wa siku ile hapakuwa na Mwafrika mweusi hata mmoja. Aaron Phangiso, Mwafrika mweusi, alikuwa kikosini mashindano yote na hakucheza mechi hata moja.

Unaona mzigo unavyomwangukia nani? Ontong, Langeveldt na Philander hawakuandika kanuni yoyote. Kanuni ikitungwa vibaya, anayevaa aibu ni yule iliyedai kumsaidia. Na aliyenyimwa nafasi kwa rangi kwa miaka mia moja hakuwahi kuwa na gazeti la kumlilia kama alivyolia Kevin Pietersen, mpigaji Mzungu wa Afrika Kusini aliyehamia Uingereza akilaumu kanuni hizo, akawa tajiri na nyota.

Msimamo wangu, uukubali au uukatae, ni huu. Kwenye timu za majimbo kanuni za idadi zinafaa, tena ziwe kali. Huko ndiko mtu anakolipwa mshahara, anakopewa mechi ishirini za kujifunzia, anakoruhusiwa kukosea na kurudi Jumatatu. Bila kulazimishwa, kocha wa jimbo atamchukua anayemfahamu, na anayemfahamu kasoma naye. Kwenye timu ya taifa sizipendi, hasa zinapoamuliwa asubuhi ya mechi na mtu mwenye suti. Ni kama kusimama stendi ya Mbezi ukahesabu abiria wanaoshuka kwenye basi la mkoani, kisha ukamgombeza kondakta kwa kuwa hakuna mtu wa Handeni. Muulize basi lilisimama Handeni? Mwaka 2016 waziri wa michezo, Fikile Mbalula, aliipiga marufuku kriketi na michezo mingine kuomba kuandaa mashindano makubwa kwa kuwa haikutimiza idadi. Marufuku ile ilitikisa ofisi za juu. Sijaona kiwanja cha kitongojini ilichokijenga.

Lakini nisikufiche upande wa pili wa mizani yangu. Bila shinikizo lile la 1998 na miaka iliyofuata, nani angemvumilia Bavuma? Katika miaka yake ya mwanzo wastani wake wa mikimbio haukuwa mkubwa, na wapo Wazungu wengi walioachwa baada ya kucheza chini ya muda aliopewa yeye. Huenda alivumiliwa kwa sababu ya rangi. Akakomaa ndani ya uvumilivu huo, na wachezaji wengi wakubwa, weupe na weusi, wamekomaa hivyohivyo. Wa weupe uliitwa imani ya kocha.

Novemba 2025, miaka 34 baada ya ile mechi ya kwanza, Afrika Kusini ilirudi Eden Gardens kucheza Testi. Pichi ilikuwa mbaya kwelikweli, mpira unageuka na kuruka kama una pepo. Katika mechi nzima, kwa timu zote mbili, mtu mmoja tu alifikisha mikimbio 50: kepteni wa wageni, 55 bila kutolewa. India ilihitaji 124 kushinda ikaishia 93. Mimi niliitazama usiku kwenye marudio, nikawaza kwamba pichi ya namna ile kwake haikuwa ngeni. Alishaizoea utotoni, upande wa Karachi.